Kugawa dawa wodini bila kumdhuru mgonjwa

Dozi moja hupita mikono mingi kabla ya kuingia mwilini. Daktari anaiandika, muuguzi anainakili kwenye chati, mfamasia anaitoa au ndugu anatumwa kuinunua duka la nje, muuguzi wa pili anaichanganya, na wa zamu nyingine ndiye anayeidunga. Popote hapo inaweza kuharibika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayozuilika, na tangu 2019 tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa. Mabango ya siku hiyo tunayo. Mwongozo huu ni wa siku nyingine zote za mwaka, kwa wauguzi, wakunga na matabibu wa hospitali na vituo vya afya vya Moshi na Arusha.

Semina nyingi huishia kwa kuwaambia watumishi wawe makini. Muuguzi aliyebaki na wodi nzima usiku hawezi kuwa makini kila dakika hadi alfajiri, hakuna awezaye. Afadhali kupanga kazi hivi kwamba akikosea, kosa lishikwe kabla halijafika kwa mgonjwa.

1. Anza na kabati

Wodi nyingi zimepitia mafunzo ya 5S, ambayo Tanzania ilianza kuyatumia hospitalini mwaka 2007, kwa kuanzia Mbeya: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa bahati mbaya kazi hiyo mara nyingi huishia kwenye lebo za mafaili na mistari ya rangi sakafuni. Ipeleke kwenye kabati la dawa.

Toa kila kitu mezani. Ampuli zisizo na boksi lake, zile zinazoishi pamoja kwenye bakuli moja, ziondoke zote: zirudi famasi au ziteketezwe kwa utaratibu. Bakuli hilo ni hatari kuliko kitu kingine chochote kabatini, kwa sababu ampuli ya maji ya sindano, ya lidokeini na ya potasiamu kloraidi zinaweza kufanana umbo, ukubwa na hata rangi ya maandishi.

Potasiamu kloraidi isiyochanganywa haina kazi kwenye kabati la wodi ya kawaida. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa moyo husimama, na hilo hutokea haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia kuita msaada. Ikae famasi, au kwenye kabati la kufungwa pamoja na dawa za DDA (zile za kulevya zinazodhibitiwa kisheria, kama morfini), na itolewe kwa jina la mgonjwa.

Usipange dawa kwa alfabeti. Alfabeti ndiyo inayoweka karbamazepini ya kifafa jirani na karbimazoli ya tezi, na metformini ya kisukari kando ya metronidazoli. Panga kwa matumizi: za moyo na presha mahali pao, za sukari mahali pao, viuavijasumu mahali pao. Dawa mbili zinazofanana sura zitenganishwe kwa rafu nzima, si kwa kipande cha kadibodi.

Friji ya dawa isomwe joto mara mbili kwa siku na kuandikwa: nyuzi 2 hadi 8. Oksitosini na insulini ndizo zinazoteseka zaidi. Umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia. Uache umefungwa, soma kipimajoto umeme ukirudi. Insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka vizuri. Kichupa kilichofunguliwa kiandikwe tarehe, maana insulini iliyofunguliwa hutumika siku 28 tu. Na soda za zamu zitafutiwe friji nyingine: kila anayefungua kuchukua soda anapandisha joto.

2. Huyu ni nani?

Kilimanjaro na Arusha zina shida yao hapa. Majina ya ukoo yanajirudia. Wodi moja ya kinamama Moshi inaweza kuwa na kina Massawe watatu na kina Mushi wawili, na wawili kati yao wakawa Neema. Ukienda Arusha ni Mollel na Laizer. Kuongeza hapo, mgonjwa ambaye faili linamwita Elizabeth, ndugu na majirani wa kitanda wanamjua kama Mama Junior, na ndivyo naye anavyoitika.

Usimtajie mgonjwa jina lake. Mwache alitaje mwenyewe. Tofauti iko hivi:

— Bibi Massawe, sivyo?
— Ee.

Bibi ameitika kwa heshima, au hasikii vizuri, au ni kweli ni Massawe lakini si yule wa insulini. Sasa hivi:

— Shikamoo bibi.
— Marahaba mwanangu.
— Naomba unitajie majina yako yote matatu.

Kisha linganisha na chati na namba ya faili. Majina matatu na namba, yote mawili, kila dozi, hata kama umemhudumia wiki nzima. Mzee asiyejua Kiswahili vizuri ataitikia lolote kwa adabu. Mwulize ndugu yake, na umvalishe bangili. Bangili za plastiki zikiisha, kipande cha plasta kwenye kifundo cha mkono, kilichoandikwa kwa kalamu ya wino wa kudumu, kinatosha. Andika majina matatu na namba, si namba ya kitanda. Watu huhamishwa vitanda usiku, na wodi ikijaa hulala wawili wawili.

Watoto wachanga ndio wabaya zaidi, kwa kuwa wote wanaitwa "mtoto wa" fulani. Pacha waandikwe Pacha 1 na Pacha 2 mguuni tangu chumba cha kujifungulia. Wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana wasilazwe jirani, na mafaili yao yote mawili yawekwe alama nyekundu juu.

3. Kabla ya dozi ya kwanza

Swali la "una aleji?" hujibiwa "hapana" hata na mtu aliyewahi kuponea chupuchupu. Uliza hivi: kuna dawa yoyote uliyowahi kutumia ikakuwasha mwili, ikakuvimbisha uso, ikakutoa malengelenge au ikakubana kifua? Taja dawa za salfa na penisilini kwa majina wanayoyajua mtaani. Jibu liandikwe kwa rangi nyekundu mbele ya chati, pamoja na kilichotokea. "Salfa: malengelenge mdomoni" inasaidia, neno "aleji" peke yake halisaidii.

Waombe ndugu walete dawa zote za nyumbani ndani ya mfuko, na maboksi yake. Utashangaa ni mara ngapi mgonjwa wa presha ana maboksi mawili ya kampuni mbili tofauti, na ndani ni dawa ile ile moja. Uliza pia mitishamba, bila kununa. Ukionyesha dharau kwenye uso, supu ya olkiloriti haitatajwa na utabaki kujiuliza kwa nini vipimo haviendi ulivyotarajia. Chakula nacho kina nafasi yake: mgonjwa wa figo ambaye potasiamu iko juu hapaswi kuletewa chupa ya mtori asubuhi na ndizi jioni, na ndugu hawawezi kulijua hilo usipowaambia.

Mgonjwa wa rufaa ana hatari yake. Anatoka kituo cha Rombo, Same au Longido, anafika hospitali ya Mawenzi, KCMC au Mount Meru, na barua inasema "amepewa huduma ya kwanza". Huduma gani, saa ngapi, kiasi gani? Mama mwenye kifafa cha mimba aliyepata dozi nzima ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kijijini anaweza kupewa nyingine anapofika. Ukiandika rufaa, mistari mitatu inatosha: dawa, kiasi kwa mg au gramu, na saa uliyoitoa. Ukipokea rufaa isiyo na hayo, piga simu kituo kilichomtoa kabla ya kuvuta dawa. Umpime kwanza huku simu ikiita.

4. Chati

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya kigeni haviutaji. Chati hufuata saa 24, sisi tunazungumza saa za Kiswahili. Dawa ya kila baada ya saa 6 imeandikwa 06:00, 12:00, 18:00 na 24:00. Kwa mdomo, 06:00 ni saa 12 asubuhi na 12:00 ni saa 6 mchana. Namba zile zile mbili zimebadilishana viti. Muuguzi akimwambia mwenzake "dozi ya saa 12 bado" na mwenzake akatazama safu ya 12:00, dozi moja itarukwa na nyingine itarudiwa. Kanuni ni fupi: kwenye karatasi saa 24 tu, zenye tarakimu nne, mdomoni saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, kila mara.

Namba ziandikwe hivi:

• 5 mg, si 5.0 mg. Nukta ikififia, 5.0 inasomeka 50.
• 0.5 mg, si .5 mg, kwa sababu hiyo hiyo.
• Neno "yuniti" liandikwe kamili. Herufi U baada ya 10 inasomeka sifuri, na mgonjwa anapata insulini 100 badala ya 10.
• Maikrogramu iandikwe kamili pia. Alama yake ya Kigiriki, kwa mwandiko wa haraka, ni mg.

Agizo la simu liandikwe palepale, lisomwe tena kwa daktari, na namba itajwe tarakimu moja moja. Madaktari wengi hutaja namba kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo kumi na tano na hamsini zinafanana masikioni. Mrudishie kwa Kiswahili: "kumi na tano, moja, tano?" Hazifanani hata kidogo.

Saini huwekwa baada ya kutoa dawa. Anayesaini wodi nzima kabla ya kuanza mzunguko amejitungia ripoti. Dawa isipotolewa, kisanduku kisiachwe wazi. Weka herufi ya sababu ambayo wodi nzima imekubaliana: H kwa hakuna dawa, K kwa amekataa, M kwa hawezi kumeza, N kwa hayupo kitandani. Kisanduku cheupe kinamfanya anayefuata abahatishe, na kubahatisha kuna mwisho wa aina mbili tu: dozi mbili au hakuna dozi.

5. Hesabu na kuchanganya

Sehemu hii ndiyo yenye madhara mazito, kwa hiyo tutakaa hapa.

Uzito kwanza. Mtoto apimwe leo, kwenye mizani iliyoanzia sifuri, kwa kilo, na tarehe iandikwe. Uzito wa kadi ya kliniki unaweza kuwa wa miezi 3 iliyopita. Kukisia kwa macho kunamwonea mtoto mwenye utapiamlo kwa sababu anaonekana na umri mkubwa kuliko mwili wake.

Kisha fuata mpangilio mmoja usiobadilika: mg ngapi kwa mgonjwa huyu, mg ngapi ziko katika ml moja, gawanya. Andika hesabu hiyo pembeni ya chati, usiifanye kichwani. Ukiandika, mwenzako anaweza kuiona.

Jentamaisini kwa mtoto mchanga wa kilo 3 aliyezaliwa na uzito wa kawaida, wiki ya kwanza: 5 mg kwa kilo mara moja kwa siku, yaani 15 mg. Ampuli ina 80 mg katika 2 ml, sawa na 40 mg kwa ml. Ukivuta moja kwa moja unatafuta 0.375 ml, kitu ambacho hakuna bomba la 2 ml litakalokipima. Ongeza maji ya sindano 6 ml kufikia jumla ya 8 ml. Sasa una 10 mg kwa ml, na dozi ni 1.5 ml. Inaonekana, inapimika, na mtu wa pili anaweza kuikagua.

Parasetamoli ya dripu ina 10 mg kwa kila ml. Mtoto wa kilo 4 kwa 7.5 mg kwa kilo anahitaji 30 mg, yaani 3 ml. Kosa linalojulikana dunia nzima ni kusoma "30" na kuweka 30 ml. Hapo amepata mara kumi, na ini ndilo litakalolipa siku chache baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka dripu ile. Kwa watoto, usitundike chupa nzima ya 100 ml kamwe. Vuta kiasi chake kwenye bomba.

Artesuneti ya sindano. Malaria kali si ya kila siku kwenye miinuko ya Kilimanjaro na Meru, na ndiyo maana hesabu zake husahaulika hadi mtoto aletwe kutoka tambarare saa 8 usiku. Kichupa cha 60 mg huyeyushwa kwanza kwa 1 ml ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nayo, tikisa hadi iwe angavu kabisa. Baada ya hapo kuna njia mbili. Kwa mshipa, ongeza 5 ml za dekstrosi asilimia 5 au salaini: jumla 6 ml, 10 mg kwa ml. Kwa msuli, ongeza 2 ml: jumla 3 ml, 20 mg kwa ml. Mtoto chini ya kilo 20 hupata 3 mg kwa kilo. Wa kilo 20 na zaidi, 2.4 mg kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 36 mg, hivyo 4 ml kwa mshipa au 2 ml kwa msuli, baada ya kukamilisha namba kwenda juu. Kinachotokea usiku ni hiki: mmoja amechanganya ya mshipa, mwingine anasoma safu ya msuli na kuvuta 2 ml. Mtoto amepata 20 mg, zaidi kidogo ya nusu, na chati inasema amepata dozi. Anayechanganya ndiye adunge. Bomba lililoachwa kwenye trei bila lebo litupwe bila mjadala. Ikichanganywa itumike ndani ya saa 1.

Seftriaksoni haichanganywi na Ringa wala maji yoyote yenye kalsiamu, kwa sababu hutengeneza chembe ngumu. Mchanga wa siku 28 au chini anayepata kalsiamu kwenye mshipa asipewe seftriaksoni kabisa. Kuna nyingine za kumfaa.

Dripu zenyewe: soma pakiti ya mrija. Ule wa kawaida hutoa matone 20 kwa ml, wa bureti 60. Lita 1 kwa saa 8 ni 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480: matone 42 kwa dakika. Hesabu kwa sekunde 15, yawe 10 au 11. Mrija wa matone 60 una raha yake: matone kwa dakika ni sawa na ml kwa saa.

6. Dawa zinazotaka macho mawili

Ukiwalazimisha watu wawili wakague kila kidonge, baada ya siku chache watakuwa wanasaini bila kutazama. Chagua chache: insulini, potasiamu, magnesiamu, heparini, morfini na pethidini, damu, na kila dawa ya mtoto mchanga. Mkaguzi wa pili afanye hesabu yake mwenyewe kabla ya kuonyeshwa jibu. Asiposema namba kwa sauti, hajakagua. Ndiyo maana orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani husomwa kwa sauti. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara hapa kwetu, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Insulini: ml moja ina yuniti 100. Tumia bomba lake maalumu tu. Kwenye bomba la kawaida yuniti 10 ni 0.1 ml, na kidole kikiteleza kidogo unampa mgonjwa ya siku tatu. Uliza pia kama chakula kimefika. Ndugu wa chakula akichelewa kwenye daladala, insulini haimsubiri.

Potasiamu: ampuli ya asilimia 15 yenye 10 ml ina milimoli 20. Wodini usizidi milimoli 40 kwa lita wala milimoli 10 kwa saa, hivyo lita yenye ampuli 2 iende saa 4 au zaidi, na mgonjwa awe anakojoa. Ukishaiingiza, pindua mfuko juu chini mara 10. Ni nzito, isipochanganyika hutuama karibu na mrija na kushuka yote mwanzoni. Kwa sababu hiyo haiongezwi kwenye mfuko ambao tayari unaning'inia.

Magnesiamu salfeti: soma ukali kwenye ampuli. Asilimia 50 ina gramu 1 kwa 2 ml, lakini zipo za asilimia 20. Kwa ile ya 50, gramu 4 za mshipa ni 8 ml pamoja na maji ya sindano 12 ml, zisukumwe taratibu, si chini ya dakika 5. Mtu akijaza 20 ml za asilimia 50 bila maji, ameshika gramu 10. Kisha gramu 5 kila tako, na gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi ya kuendelea: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, mkojo angalau 30 ml kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi isubiri. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ampuli ya 10 ml, ambayo ndiyo dawa ya magnesiamu iliyozidi, iwe imebandikwa kwa plasta kwenye kitanda cha mama huyo, si kwenye kabati lililofungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda chai.

7. Kitandani

Mikono: kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Mdomo wa kichupa ufutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na uachwe ukauke. Isipokauka haijaua kitu. Sindano mpya na bomba jipya kila unapoingia kwenye kichupa. Ile tabia ya kuacha sindano moja imechomekwa kwenye mpira wa kichupa "ili kurahisisha" ni mlango uliofunguliwa kwa vijidudu siku nzima. Vivyo hivyo mfuko mmoja wa salaini wa kusukumia kanula za wodi nzima: mgonjwa mmoja akiuchafua, wote wamechafuliwa, na kwenye chumba cha watoto wachanga matokeo yake ni misiba inayofuatana.

Anayegawa dawa asisemeshwe. Kizibao cha rangi kali kinasaidia, kadi shingoni pia, lakini kinachosaidia zaidi ni ratiba. Dozi za saa 6 mchana zikigongana na muda wa kutazama wagonjwa, utajibu maswali ya ndugu kumi huku umeshika bomba. Anza mzunguko nusu saa kabla milango haijafunguliwa.

Dozi ya kwanza ya kiuavijasumu cha sindano: kaa karibu kwa dakika chache. Akianza kuvimba uso, kupiga chafya mfululizo au kupumua kwa mluzi, simamisha dawa na umpe adrenalini kwenye msuli wa paja: 0.5 ml ya ile ya 1 mg kwa ml kwa mtu mzima, 0.3 ml kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, 0.15 ml kwa aliye chini ya hapo. Namba hizi tatu ziandikwe kwenye kifuniko cha trei ya dharura.

8. Siku ya kuruhusiwa

Bahasha yenye "1×3" haijasema kitu. Wengi husikia "kutwa mara tatu" kama asubuhi, mchana na jioni, zote mchana kweupe, na usiku mzima unabaki bila dawa. Andika saa: dawa ya kila baada ya saa 8 ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Sema asivyotakiwa kunywea: siprofloksasini haiendi na maziwa wala mgando, vidonge vya madini ya chuma haviendi na chai. Kisha mwombe akueleze yeye: "Mama, hebu niambie, ukifika nyumbani utazinywaje?" Akikosea, umeeleza vibaya, rudia. Dawa zilizosimamishwa zitajwe kwa sura ya boksi na ndugu aambiwe asimrudishie.

9. Kosa likishatokea

Mgonjwa kwanza, karatasi baadaye. Simamisha dripu, angalia pumzi, mapigo, presha, fahamu na sukari, mwite daktari. Insulini nyingi: kwa mtu mzima 50 ml za dekstrosi asilimia 50 taratibu kwenye mshipa mkubwa, kwa mtoto 5 ml kwa kilo za asilimia 10, ambazo unazipata kwa sehemu 1 ya asilimia 50 na sehemu 4 za maji ya sindano. Pima tena baada ya dakika 15 hadi 30, na usimwache baada ya kipimo kimoja kizuri. Morfini nyingi: mpe naloksoni na oksijeni. Ampuli, kichupa na bomba visitupwe.

Kwenye faili andika kilichotolewa, saa, na hali ya mgonjwa. Usiandike nani mbaya. Mgonjwa na ndugu waambiwe siku hiyo hiyo, na daktari pamoja na muuguzi kiongozi, kwa maneno ya kawaida: amepewa dawa hii zaidi ya kiasi, tumefanya hivi, tutamwangalia hadi saa fulani. Wakija kulijua kwa mfagizi, hawatawaamini tena hata mnaposema kweli. Madhara yanayotokana na dawa yenyewe yaende kwenye fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Makosa yaliyoshikwa kabla ya kufika kwa mgonjwa nayo yaandikwe kwenye daftari bila majina. Hayo ndiyo mengi, na ndiyo yanayoonyesha wapi pameachwa wazi. Wodi ambayo daftari lake ni tupu mwezi mzima haina usalama, ina woga.

Kila wiki, siku ile ile, timu ya wodi ichukue chati 10 bila kuchagua. Hesabu dozi zilizopaswa kutolewa, visanduku vyeupe, na zilizochelewa zaidi ya saa 1. Tuseme dozi ni 84 na vyeupe ni 9: karibu 11 katika kila 100. Chora nukta hiyo kwenye karatasi ya ukutani, kisha tazama vyeupe hivyo 9 viko wapi. Vikikusanyika kwenye 24:00, huenda muuguzi wa usiku yuko peke yake na mapokezi ya wagonjwa wapya yanamwita. Vikiwa kwenye dawa moja, huenda famasi hufunga kabla hamjaagiza. Badilisha kitu kimoja tu, hesabu kwa namna ile ile wiki 2 zinazofuata, na nukta zisiposhuka rudisheni utaratibu wa zamani mjaribu kingine.